Mnyama wa Mwitu ni Milki ya Nani?

Kijana wa Ngezi, hapa Bunia, atakaye kujifunza uwindaji katika msitu wa Ituri, huuliza kwanza habari za nyavu na mikuki. Nami naona kwamba yampasa atangulize suali jingine, nalo ni hili: mnyama asiyefugwa na mtu, katika ardhi isiyo milki ya mtu, ni halali kwa nani, na kwa kadiri gani?

Serikali ya Kongo imejibu kwa sheria: ile ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, ile ya 1982 ikaratibu uwindaji, na mwaka 1992 ikawekwa Hifadhi ya Okapi, ambamo kumwua okapi ni haramu. Lakini sheria hukataza tu. Adabu hufundishwa na watu. Wambuti, wenyeji wa msitu huo, wawindapo kwa nyavu zilizosokotwa kwa nyuzi za magome ya mitambaazi, wanaume husimama kimya nyuma ya nyavu zilizoungwa nusu duara, nao wanawake huwakurupusha paa kwa makelele; kisha nyama hugawanywa, hata asiyeshika mkuki akapata fungu lake.

Fikihi ya Kiislamu nayo, ingawa imehalalisha mawindo kwa chakula, yamtaka mwindaji alitaje jina la Mungu atupapo mshale, na yamharamishia mawindo ya nchi kavu aliyevaa ihramu ya hija. Katika yote hayo, nasadiki, maana ni moja: kiumbe hawi mali yetu kwa nguvu zetu, bali kwa idhini, na aingiaye mwituni pasipo kuijua mipaka ya idhini hiyo, hata akiwa hodari wa shabaha, bado hajaanza kuwa mwindaji.