Meza Yako na Matuta ya Kilungu

Ukisimama Nunguni, katika nchi ya Wakamba huko Kenya, ukatazama miteremko ya milima ya Kilungu, unaona matuta yamefuatana kutoka kileleni hadi bondeni. Ni fanya juu: unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa shamba linakaa tambarare. Wakoloni waliwashurutisha Wakamba kukinga mmomonyoko, na kazi ya shuruti ikachukiwa. Watu walipoichukua wenyewe, kwa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wanawake wakiwa mbele, milima ikabadilika sura. Matuta hayazuii mvua kunyesha. Huyapa maji mahali pa kutulia kabla hayajaondoka na udongo.

Meza ya kazi nayo inahitaji matuta ya aina hiyo. Barua, fomu, risiti na ujumbe wa simu havitakoma kuingia. Anayesubiri vipungue ndipo ajipange atastaafu akisubiri. Karatasi iliyolala mezani mwezi mzima mara nyingi ni uamuzi tuliouogopa. Ijibiwe? Apewe mwingine? Ihifadhiwe, au itupwe? Tukishindwa kuamua, tunaifunika kwa nyingine. Ndiyo maana kabati jipya halitibu mrundiko, wala waraka wa mkubwa unaoamuru meza ziwe safi kufikia Ijumaa.

Na mrundiko huo una watu ndani yake. Mzee anapanda matatu alfajiri kufuatilia faili ya shamba la marehemu baba yake. Anafika dirishani, anaambiwa, "Haionekani, njoo kesho." Kesho hiyo ni nauli, na ni kibarua cha siku kilichopotea. Kwangu mimi, hapa ndipo maana ya kujipanga ilipo: ni heshima kwa mtu ambaye bado hajafika.

Kenya ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, mwaka 2021, na mahakama nazo zinapokea kesi kwa mtandao. Ni hatua njema. Lakini hati iliyopigwa picha ikapewa jina ovyo kwenye kompyuta imepotea sawa na ile iliyo chini ya rundo.

Tuta lisipokarabatiwa kabla ya mvua za Novemba hubomoka, hata likiwa limechimbwa na hodari gani. Basi wewe uliyeshika ufunguo wa kabati la mafaili, kabla hujafunga ofisi jioni ya leo, rudisha kila faili mahali pake. Kuna mtu huko Kilungu ameshatenga nauli ya kesho.