Maradhi Yaliyofichika na Hukumu ya Macho

Wamo katika kila mji watu ambao, wakimwona jirani amelala kitandani, tumbo limefura kwa bandama lililovimba na mwili umekonda hata mbavu zahesabika, huinamiana wakanong'ona kwamba mja huyu hakosi lake alilolitenda baina yake na Mola wake. Nao hunena hivyo kwa yakini ya mtu aliyeutazama mwili wake mwenyewe akauona mzima, kisha akaifanya siha yake kuwa shahidi wa usafi wa moyo wake. Maneno yao nayaleta leo mbele ya kipimo kidogo cha ngozi, kwa kuwa katika ilimu ya utabibu sijaona jambo liyavunjalo kwa upole kuliko hilo.

Kalaazar ni homa iletwayo na kijidudu kisichoonekana kwa jicho, kilichotangazwa mwaka 1903 na Leishman, aliyekiona katika bandama la askari aliyekufa baada ya kutumika Bara Hindi, na Donovan, aliyekiona kule Madras. Nacho huchukuliwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, arukaye bila sauti. Katika nchi ya Kitui, ambako maradhi haya yalienea sana katika miaka ya 1950, usubi huyo hukaa ndani ya matundu ya vichuguu na kutoka magharibi ikiingia, saa ambayo wanaume na vijana wamekaa hapo karibu wakizungumza, asijue hata mmoja wao kwamba ameumwa.

Mwaka 1926 tabibu wa Brazil, Montenegro, alieleza namna ya kuuliza ngozi habari za mambo hayo. Huchukuliwa vijidudu vya jamii hiyo vilivyokwisha kuuawa, vikatiwa kwa sindano ndani ya ngozi ya mkono, kiasi cha sehemu ya kumi tu ya mililita, kisha husubiriwa siku mbili au tatu. Tabibu hurudi, akapapasa mahali pale kwa ncha ya kidole akitafuta ugumu, akaupima; ukifika milimita 5 huandika kwamba mwili huu ulikwisha kukutana na adui na bado unamkumbuka.

Ajabu yenyewe ni hii: yule aliye mahututi kwa kalaazar, ambaye hahitaji kupimwa ili ajulikane kuwa mgonjwa, ngozi yake haijibu neno, na huendelea kunyamaza hata atibiwe apone, ndipo baada ya miezi ivimbe, hali jirani yake aliye mzima, alimaye shamba lake na kucheka barazani, asiyelala kwa homa hata usiku mmoja, huinukiwa na uvimbe ule unaosema kwamba naye aliingiwa. Kwani katika walioingiwa na kijidudu hicho walio wengi hawaugui kamwe; mwili hukizuia kwa siri, pengine bila kukimaliza, kikabaki kimejificha miaka na miaka, na kinga ikija kudhoofika, kama kwa UKIMWI, huweza kuamka.

Basi wanong'onao wamebakiwa na hoja gani? Ikiwa kuumwa na usubi ni hukumu, hukumu hiyo imempata na kadhi. Atasema mmoja wao kwamba Mungu alimnusuru kwa wema wake; lakini matabibu wajua kwamba mtoto aliyekosa lishe huugua upesi kuliko aliyeshiba, na atakaye kudai kuwa shibe ni dalili ya uchaji, na alidai mbele ya maskini wa Mungu tumsikie.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa subira na shukrani wa kitabu chake cha Ihya, alitaja kutoijua neema kuwa miongoni mwa mambo yawazuiayo watu kushukuru. Nami naona hapa pana ujinga usio na lawama, kwani nani angeweza kushukuru kwa kuokolewa na vita vilivyopiganwa ndani ya damu yake naye amelala? Lakini akishajulishwa, shukrani imemlazimu, wala fahari haimpasi, kwa kuwa ushindi ule hakuutia nia wala mkono. Na thawabu za subira, nijuavyo mimi, haziandikwi kwa asiyejua kwamba amepewa mtihani. Mwenye subira katika habari hii ni mmoja tu, naye ni yule aliyelala kitandani akisemwa.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji, hasa walio Baringo, Pokot na Turkana ambako maradhi haya yangalipo: mwenye homa iliyopita majuma mawili, na tumbo lake linajaa upande wa kushoto, asitafutiwe dhambi. Apelekwe hospitali akapimwe damu, maana kalaazar isipotibiwa huua karibu kila imshikaye, na ikiwahiwa hutibika.