Neno "Kawaida"

Katika lugha yetu neno "kawaida" hubeba mizigo miwili. Wa kwanza ni lile litokealo mara nyingi. Wa pili ni lile lililo sawa, lisilo na kasoro. Aghalabu tunalitumia bila kujali ni mzigo upi tumejitwika. Mimi nadhani mchanganyiko huo una madhara.

Ndugu msomaji, chukua korosho zilizookotwa chini ya mkorosho mmoja hapa Marui, uzianike jamvini, kisha uzipime moja moja. Utaona chache ni ndogo mno, chache ni kubwa mno, na zilizo nyingi zimejazana katikati. Ukichora hesabu hiyo karatasini, mchoro utainuka katikati na kushuka pande zote mbili, mfano wa kengele. Ndivyo ulivyo pia urefu wa wanaume wazima wa tarafa moja, na hata makosa ya mtu apimaye kitu kile kile mara mia. Si uchawi. Ukubwa wa korosho hutokana na mambo mengi madogo madogo: mbegu, udongo, jua, mvua, wadudu, mahali tawi lilipoelekea. Kila jambo huongeza kidogo au hupunguza kidogo, na ni nadra yote kuvuta upande mmoja. (Mali haifuati umbo hilo, maana mwenye nacho huzalisha kwa kile alicho nacho, lakini hayo tuyaache.)

Wataalamu wa nyota ndio waliolitumia sana umbo hili, hasa baada ya Gauss wa Ujerumani kuandika juu yake mwaka 1809. Kisha Mbelgiji Quetelet, naye mtaalamu wa nyota, akaligeuzia kwa binadamu. Alichambua vipimo vya vifua vya askari wa Scotland zaidi ya 5,000, akaiona kengele ile ile. Hapo akavuka mpaka: akasema mtu wa wastani ndiye shabaha ya maumbile, na sisi wengine ni mishale iliyokosea. Mizigo miwili ikafungwa kamba moja.

Walimu nasi tumeubeba mzigo huo. Mara ngapi nimesikia katika ofisi za walimu kwamba lazima wachache wafaulu sana, wengi wawe wa katikati, na wengine waanguke, kwani ndivyo Mungu alivyowaumba! La hasha. Kufundisha ni kazi yenye kusudi. Darasa lililofundishwa vizuri hulemea upande wa juu. Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na mwezi Mei matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Madaraja yalisogezwa, elimu iliyokuwa vichwani mwa vijana ilibaki pale pale.

Lakini jambo linaloniumiza zaidi limo katika kadi ya kliniki. Kadi ile imechorwa kwa kengele hii hii. Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wapatao 8,500 katika miji ya nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, huko Muscat ambako watu wa pwani yetu wana ndugu wengi. Walichagua watoto walionyonyeshwa vema na kutunzwa vema, wakakuta kwamba wote hurefuka kwa namna inayokaribiana sana. Vipimo hivyo vilitolewa mwaka 2006. Kwa kipimo hicho, katika watoto 100 wenye afya, wawili au watatu tu huangukia chini ya mstari wa udumavu. Hao huenda ni wafupi kwa asili tu, wala hawana ila.

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano waliokuwa chini ya mstari huo walikuwa 30 katika 100. Ukiwachora hao wetu peke yao, utapata kengele nzuri tu, yenye katikati na pande zake. Mchoro hautakuambia kuwa umesogea mzima mzima kuelekea chini. Na mtoto aliyedumaa, akisimama kati ya wenzake waliodumaa, hana linalomtofautisha.

Bibi mmoja wa rika langu alinionyesha mjukuu wake. Nikamuuliza kliniki wamesema nini juu ya urefu wake. Akacheka: "Aa, Mwalimu, ukoo wetu sisi wafupi. Ndiyo kawaida yetu."

Sikumbishia ukoo wake, nao huchangia. Nilimuuliza tu mtoto anakula nini. Uji wa muhogo asubuhi, ugali wa muhogo jioni, maharage yakipatikana. Mayai? Yanauzwa.

Utafiti wa mwaka 2015/16 uliwakuta waliodumaa nchini wakiwa 34 katika 100, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa karibu nusu ya watoto wote. Katika miaka hiyo thelathini koo zetu ni zile zile.