Uwanja ni wa Nani?

Ukiwa Nanyala, ndege inayoshukia Songwe unaiona bila kulipa nauli. Wengi wetu tumeishia hapo. Safari zetu ni za basi. Hata hivyo uwanja ni mali ya umma: kila alipaye kodi ameuchangia. (Jina nalo lina utata: uwanja uko Mkoa wa Mbeya, si mkoa wetu wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016.)

Wenzangu chuoni husema hiyo ni dhuluma. Mimi sikubali upesi hivyo. Wodi ya wazazi nimeichangia, na mwanamume sitalazwa humo.

Kinachonisumbua ni uwanja wa zamani, katikati ya jiji la Mbeya. Ndege zilipohamia Songwe Desemba 2012, ule ulibaki wazi, watu wakaingia: mikutano ya hadhara, hotuba, umati kusimama juani pale zilipokuwa zikitua ndege. Tiketi hakuna. Yaani ilibidi ndege ziondoke ndipo sisi tuingie.

Lakini mama mdogo akipewa rufaa ya Muhimbili kesho, nitapita nyumba kwa nyumba hapa Nanyala kuchangisha nauli ya ndege. Na watachanga, mara ya pili.