Shahidi wa Maumivu

Miongoni mwa maradhi yampatayo mwanadamu, ni machache yamtiayo mgonjwa katika shuku ya wenzake kama maradhi ya mgongo; kwani mwenye homa hushikwa paji la uso akasadikiwa, na mwenye jeraha huonyesha damu, lakini mtu ambaye diski moja baina ya pingili za uti wa mgongo wake imetuna au kupasuka huonekana mzima, akaenda kwa miguu yake mpaka msikitini, kisha akavuta kiti akasali ameketi, na safu iliyo nyuma yake ikajiuliza kama huo ni udhuru au uvivu. Maumivu yasiyoonekana, shahidi wake ni nani?

Zama zetu zimelipeleka shauri hili kwa mashine. Mwaka 1934 matabibu Mixter na Barr wa Boston walibainisha kuwa ute wa ndani ya diski, ukipenya ukuta uliochanika kama utomvu katika gome lililochanjwa, huweza kuubana mshipa wa fahamu na kuuteremsha uchungu kutoka kiunoni mpaka unyayoni. Na picha za MRI zilipopatikana miaka mingi baadaye, ikadhaniwa kuwa shahidi amepatikana. Shahidi huyo ana dosari. Mwaka 1994 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa watu 98 wasioumwa na mgongo, na zaidi ya nusu yao walikutwa na diski iliyotuna. Picha huonyesha umbo; uchungu haiuonyeshi.

Wanazuoni wa fiqihi walilikabili jambo hili kwa njia ambayo mimi naiona ya hekima kubwa. Kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo kwa awezaye. Asiyeweza huketi, na asiyeweza kuketi hulala kwa ubavu. Lakini kutoweza ni nini? Imamu Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, alikupima kwa khushuu: mashaka yampokonyayo mtu unyenyekevu wa moyo mbele ya Mola wake ndiyo yamhalalishiayo kuketi. Hakukiweka kipimo katika mfupa wala katika macho ya jirani, bali mahali asipoingia mtu ila mwenyewe na Muumba wake.

Hata hivyo ruhusa hiyo ina mpaka. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo zaidi katika pwani yetu, mtu husamehewa lile tu limshindalo; na mgongo una tabia zake, maana wagonjwa wengi wa diski husimama pasipo taabu kubwa, ila kuinama na kukaa kitako ndiko kuwachomako. Basi mgonjwa wa namna hiyo hufunga mikono akaisoma Fatiha wima. Wenzake waendapo rukuu, yeye huinamisha kichwa na mabega kadiri ya uwezo, kiganja kimeshika egemeo la kiti, na ishara ya sijida huishusha chini kuliko ile ya rukuu. Ajikaliaye kitini tangu mwanzo, na kusimama hakumdhuru, amejisamehe mwenyewe.

Wapo pia waitao subira kule kulala kitandani majuma mawili. Hao hukosea, kwani diski ya mtu mzima takriban haina mishipa ya damu; hulishwa kwa majimaji yapenyayo kutoka mifupani, na mwendo wa mwili husaidia kuyapitisha. Wengi hupata nafuu katika majuma kadhaa bila kupasuliwa, na mara nyingi kile kipande kikubwa kilichochomoza ndicho kinyweacho zaidi, kwa kuwa chembe za kinga hukila. Mgonjwa atembee kidogo kidogo, asibebe mizigo, na atabibiwe. Ila haja ndogo ikiziba au ikimtoka pasi hiari yake, au ganzi ikienea makalioni na sehemu za siri, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na sala ataisali huko huko kitandani, kwa macho tu ikibidi.