Sura na Ujira

Mtu aishiye kwa kuchora sura za watu amejaaliwa bahati na kubebeshwa mzigo. Bahati yake ni kupata riziki kwa kazi aipendayo. Mzigo wake ni kuwa amlipaye ndiye amchoraye. Kiti cha seremala hakimsemi mnunuzi. Sura humsema mbele ya watu wote. Je, mchoraji aseme kweli au apendeze?

Katika majabali ya Kolo, wilayani Kondoa, kaskazini ya Dodoma, iko michoro ya kale ya rangi nyekundu, iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Twiga na pofu hutambulikana mara moja, lakini watu, warefu na wembamba, hawana nyuso za kumtambulisha yeyote. Hapana awezaye kulalamika kuwa amechorwa vibaya.

Hali ya leo ni nyingine. Dodoma, iliyoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ni mji wa Bunge na wizara. Wenye vyeo ni wengi, na mwenye cheo hupenda kukumbukwa. Kamera yatosha kutoa mfano wa pua na macho, tena kwa bei ndogo. Basi amwendeaye mchoraji hutafuta zaidi: hutafuta hukumu juu ya uso wake. Na hukumu iliyonunuliwa si hukumu.

Mwaka 1954 Winston Churchill, alipotimiza miaka 80, alitunukiwa na Bunge la Uingereza picha yake iliyochorwa na Graham Sutherland. Aliichukia, na baadaye ikateketezwa kwa siri. Yamkini mtu atasema: heri kupendeza, kazi idumu. Lakini picha ya uongo ikidumu, kinachodumu ni uongo. Wajukuu watarithi uso usiokuwa wa babu yao.

Wala si kweli kwamba mkali ndiye mkweli. Atazamaye kasoro tu ameona nusu. Makunyanzi ya mzee wa Ugogo, aliyeona miaka ya njaa na ya mavuno, si kasoro. Ni maisha yake yaliyoandikwa usoni. Ayafutaye humpunja mzee, na ayachekaye humdhulumu.

Basi mchoraji apatane bei kabla ya kushika brashi, na apatane pia kwamba bei hiyo ni ya rangi, muda na jasho. Asiyekubali sharti hilo aelekezwe kwa mpiga picha, bila kinyongo. Mchoraji atapoteza wateja wachache. Akilikosa sharti hilo, atapoteza jicho lake, nalo ndilo mtaji wake wote.