Bizimu la Mjerumani na Suala la Thamani

Mkanda wa kitara wa ofisa una sehemu chache: ngozi ya kiunoni, bizimu la mbele, kanda mbili zinazoning'inia ubavuni na kushika pete za ala, na huambatana na kishada cha mpini wa kitara kinachozuia upanga usimponyoke mpiganaji mkononi. Vifaa vya aina hii viliingia katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Singida pamoja na jeshi la Wajerumani la Schutztruppe, lililoundwa mwaka 1891 na kuweka vituo Kilimatinde na Mkalama. Kitara kilikuwa cha maofisa. Askari wa kawaida alibeba bunduki na singe, kwa hiyo mkanda unaookotwa karibu na boma la zamani una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wa askari Mwafrika kuliko wa ofisa Mjerumani. Hapo ndipo swali la thamani linapoanza, kwa kuwa bei huulizwa mapema kuliko jina la mwenye kitu.

Utambuzi huanzia kwenye bizimu. La askari wa kawaida wa Prussia, ufalme ulioongoza Ujerumani, kwa mtindo wa mwaka 1847, ni la mstatili, lina taji katikati na maneno Gott mit uns, yaani Mungu yu pamoja nasi. La ofisa ni la duara, lenye herufi ya mfalme ndani ya shada la majani. Maneno yale yale yalirudi kwenye mabizimu ya jeshi la Hitler, lakini juu ya tai mwenye swastika, hivyo asiyetazama picha ya katikati anaweza kukosea kwa miaka mingi. Bizimu lililopigwa kwa mashine lina kingo kali, na umbo la mbele huonekana nyuma likiwa limebonyea. La bandia, lililomiminwa, lina kingo butu na vijishimo vya hewa. Historia nayo husaidia. Mabizimu ya chuma yalianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati Waingereza wameifunga pwani ya Afrika Mashariki, na ni meli mbili tu, Rubens na Marie, zilizopenya na shehena. Bizimu la chuma linalodaiwa kuokotwa Mkalama linahitaji maelezo ya kutosha kabla ya kuaminiwa.

Maneno Gott mit uns yana uzito wa kiimani usiopimika kwa mizani ya sonara. Wissmann, ofisa Mjerumani ambaye kikosi chake ndicho kilichogeuka Schutztruppe, aliandika askari wake wa kwanza Cairo mwaka 1889, wengi wao Wasudani Waislamu. Baadaye waliongezwa Wamanyema, Wanyamwezi na Wasukuma. Jeshi lenye waumini wa namna hiyo liliongozwa na watu waliotoka katika taifa ambalo wanajeshi wake walivaa kiunoni tamko kwamba Mungu yuko upande wa mfalme wao, likaenda kuwatiisha Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida, ambao nao waliomba mvua na ulinzi. Amri inayokataza kulitaja bure jina la Mungu inahusu jambo hili moja kwa moja. Bizimu ni ushahidi wa dai kubwa lililotolewa bila idhini ya Yule aliyetajwa, na kuling'arisha ili lipendeze sebuleni ni kuufuta ushahidi huo.

Fikihi ya Kiislamu inatoa njia nzuri ya kulifikiria jambo hili. Kitu kilichopotea, yaani lukata, hutangazwa mwaka mzima. Mwenyewe akitokea, ni chake. Hazina iliyozikwa na watu wa kale kabla ya Uislamu, yaani rikazi, ni ya aliyeipata, na sehemu yake ya tano hutolewa. Wanachuoni wengi hutofautisha viwili hivyo kwa alama zilizo juu ya kitu chenyewe. Kutambua alama kunakuwa wajibu wa kidini, kwa kuwa ndiko kunakoamua haki ya mtu. Bizimu la mwaka 1910 si rikazi kwa kipimo hicho: huenda mjukuu wa aliyelivaa anaishi jirani.

Watu wengi Tanzania wametumia nguvu nyingi kutafuta mali za Mjerumani na kuamini kwamba rupia moja ya Kijerumani ni mamilioni. Imani hiyo ina chanzo cha kweli. Dhahabu ya Sekenke, Iramba, ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengeneza Tabora sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo wakusanyaji huinunua kwa bei kubwa. Ila dhahabu hubaki dhahabu hata ikiyeyushwa. Bizimu likitenganishwa na mahali lilipookotwa hubaki kipande cha shaba. Mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa zamani wa Schutztruppe, wazee walikusanyika Mwanza, wachache wakiwa na vyeti. Inasimuliwa kwamba wengine walileta vipande vya sare zao, na wasio na kitu walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani waonyeshe gwaride. Kwa wazee hao kipande cha sare kilikuwa na thamani kuliko bei yoyote ya mnada.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863, hivyo mkanda wa Mjerumani hauingii humo. Pengo hilo humwachia aliyeuokota wajibu wa dhamiri: aandike mahali na kina alipouokota, auache na kutu yake, aulizie koo za jirani, na bei aiulize baada ya hayo.